Limfoma ya kuzunguka jicho: antibiotiki, mionzi, dawa ya kingamwili au kusubiri?

Doa la rangi ya waridi lililotulia kwenye weupe wa jicho, kope inayolegea upande mmoja, jicho linalojitokeza mbele kidogo kidogo bila maumivu. Wengi hutibiwa mzio kwa miezi kadhaa kabla daktari hajaamua kukata kinyama na kukipeleka maabara. Jibu likirudi kwamba ni limfoma ya MALT, yaani saratani ya polepole ya seli za kinga zilizo kwenye tando laini za mwili, mgonjwa husikia habari mbili kwa pamoja: hii ni saratani, na hakuna haraka. Kisha anatajiwa njia nne za tiba, mojawapo ikiwa ni vidonge vya antibiotiki vya wiki tatu. Hapo wengi hukwama, na wana haki ya kukwama. Inawezekanaje saratani itibiwe kwa dawa ile ile wanayopewa watu wenye chunusi?

Tuweke mipaka kwanza. Makala haya yanahusu limfoma ya MALT inayoota kwenye sehemu zinazolizunguka jicho: utando mwembamba unaofunika weupe wake, kope, tezi ya machozi, na nyama zilizo ndani ya tundu la jicho. Hayahusu limfoma inayoota ndani ya jicho lenyewe, kwenye retina na ute wake. Hiyo ni kali, ina undugu na limfoma ya ubongo, na haisubiri mtu. Hayahusu pia limfoma za seli kubwa zinazokua kwa kasi, hata zikiwa kwenye kope. Kama ripoti ya maabara haitaji wazi aina ya limfoma, usichague tiba yoyote kabla hujaliuliza hilo.

Sasa turudi kwenye antibiotiki. Wazo hili lilianzia tumboni. Mwaka 1993 madaktari wa London, Wotherspoon na Isaacson wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba limfoma ya MALT ya tumbo inaweza kuyeyuka mgonjwa akitibiwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Bakteria yule hukaa miaka mingi tumboni, mwili humpelekea seli za kinga aina ya B bila kukoma, na katika kuzaliana huko kwa seli kundi moja hatimaye huasi. Katika hatua za mwanzo uasi huo bado unamtegemea bakteria, kama moto unaotegemea kuni: ukiziondoa, unafifia. Ukichelewa mno, seli huwa zimepata mabadiliko ya vinasaba yanayoziwezesha kuendelea zenyewe.

Mwaka 2004 timu ya Andrés Ferreri huko Milan, Italia, ilitafuta kisababishi cha namna hiyo kwenye jicho. Ilikuta chembe za urithi za Chlamydia psittaci, bakteria wa ndege ambaye humpata binadamu kupitia hewa, katika vinyama 32 kati ya 40 vya limfoma za kuzunguka jicho. Huyu si yule klamidia wa trakoma, wala wa magonjwa ya zinaa, ingawa ni jamaa zao. Wengi hushtuka wakilisikia jina hilo kliniki, na wengine huanza kumshuku mwenza wao bure.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya kutazama njia yoyote, ni vizuri kujua unapima nini. Mimi ningepima mambo matano, kwa mpangilio huu. Kwanza, kasi: jicho lako linaweza kusubiri kwa muda gani bila kuharibika? Pili, nguvu: uvimbe una nafasi gani ya kuondoka na kutorudi? Tatu, madhara kwa jicho na kwa mwili mzima. Nne, ikishindwa, unabaki na nini mkononi? Tano, inakudai ufuatiliaji wa namna gani?

Kigezo cha kwanza nimekitanguliza makusudi. Ugonjwa huu mara nyingi huenda polepole kiasi kwamba watu wengi huishi nao miaka na miaka, na wachache tu hufa kwa ajili yake. Kwa hiyo swali la nani ataishi muda mrefu zaidi halitenganishi sana njia hizi. Kinachozitenganisha ni kuona kwako, na muda ulio nao.

Kusubiri chini ya uangalizi

Kasi. Hakuna, kwa kuwa hakuna kinachotibiwa. Unapimwa jicho na kupigwa picha kwa vipindi, na tiba inaanza pale tu kitu kinapobadilika.

Nguvu. Watu huona aibu kuitaja njia hii, kana kwamba ni kukata tamaa. Lakini huko Japani wagonjwa 36 waliosubiri bila tiba walifuatiliwa kwa takriban miaka 7, na ripoti yao ilipotoka mwaka 2006, 25 kati yao hawakuwa wamehitaji tiba yoyote. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili.

Madhara. Kwa mwili, hakuna. Kwa moyo yapo, na yasidharauliwe. Wapo wasioweza kulala wakijua wana saratani isiyoguswa.

Ikishindwa. Njia zote nyingine bado ziko wazi.

Ufuatiliaji. Huu ndio uti wa mgongo wake. Kusubiri bila miadi ni kutelekeza jicho.

Inamfaa mtu ambaye uvimbe wake ni mdogo, hausukumi jicho, haumletei kuona viwili viwili, na hasa mwenye umri mkubwa au maradhi mengine yanayomtesa zaidi.

Antibiotiki

Dawa iliyochunguzwa zaidi ni doksisiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu. Baadhi ya vituo hurudia duru ya pili.

Kasi. Hii ndiyo njia ya polepole kuliko zote zinazotibu, na wengi hawaambiwi. Vidonge vinaisha baada ya wiki tatu, lakini uvimbe hupungua kwa miezi. Mara nyingi jibu halisi huonekana baada ya nusu mwaka, pengine zaidi. Mtu akijitazama kwenye kioo mwishoni mwa mwezi wa kwanza na kuona doa lile lile, hajui lolote bado.

Nguvu. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 34 wenye ugonjwa ulio jichoni tu walipewa doksisiklini. Kwa 22 uvimbe ulipungua, na 6 kati ya hao ulitoweka kabisa. Waliofika miaka 5 bila ugonjwa kuendelea walikadiriwa kuwa asilimia 55. Kwa maneno mengine, karibu theluthi mbili walinufaika, nusu na ushee walidumu, na waliopona kabisa kwa vidonge peke yake ni wachache. Mtu akikuambia antibiotiki inaponya saratani ya jicho, mwombe akupe picha nzima.

Tena si kila mahali palipotoa matokeo hayo. Huko Vienna, Austria, wagonjwa 11 walipewa doksisiklini na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua kwa kiwango cha kuhesabika. Utafiti huo ulitoka mwaka 2006. Mwaka huo huo ulinganisho wa nchi kadhaa ulionyesha sababu mojawapo: Chlamydia psittaci alikutwa katika asilimia 47 ya limfoma hizi Ujerumani, 35 pwani ya mashariki ya Marekani, 29 Uholanzi, 13 Italia, 12 Uingereza na 11 kusini mwa China. Ona jinsi Italia yenyewe ilivyopata asilimia 13 hapa na 80 kule Milan. Sehemu ya tofauti hiyo yaweza kuwa ya mikoa na mazingira, na sehemu ni ugumu wa kipimo, maana chembe za bakteria ndani ya kinyama kidogo kilichohifadhiwa huwa chache mno.

Ugumu huo una maana kwako. Kipimo kikimwona bakteria, sababu ya kujaribu antibiotiki inapata nguvu. Kisipomwona, mlango haujafungwa kabisa: katika utafiti wa Milan wa mwaka 2005, 6 kati ya wagonjwa 16 ambao hawakukutwa na bakteria nao uvimbe wao ulipungua, huku waliokutwa naye wakiwa 7 kati ya 11. Huenda kipimo kilimkosa bakteria, huenda alikuwepo mwingine, na huenda dawa ina athari yake yenyewe kwenye seli. Vilevile, kumeza dawa hakuna maana kwamba bakteria ametoka. Katika utafiti wa 2012, waliofuatiliwa kwa vipimo na kukutwa wamesafika hawakufika nusu.

Madhara. Hapa antibiotiki inashinda kwa mbali ukiilinganisha na mionzi na dawa ya kingamwili. Lakini ina masharti. Doksisiklini hufanya ngozi iungue haraka juani. Ikikwama kooni huchoma umio, kwa hiyo meza kwa maji mengi na usilale papo hapo. Dawa za kupunguza asidi na vidonge vya madini ya chuma huizuia isifyonzwe, basi viachanishe kwa saa kadhaa. Wajawazito na watoto wadogo huepushwa nayo, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu kwa karibu. Kichwa kikiuma sana au macho yakianza kuona ukungu wakati wa dozi, usivumilie, rudi kwa daktari.

Ikishindwa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo nguvu kubwa ya njia hii. Hailigusi jicho na haitumii sehemu ya kipimo cha mionzi ambacho jicho linaweza kubeba maishani. Ugonjwa unaporudi, kwa kawaida hurudi pale pale ulipokuwa, na mionzi bado huufanyia kazi.

Ufuatiliaji. Lazima picha zipigwe kabla ya dawa na baada yake, na pawepo tarehe ya kuamua. Antibiotiki isiyo na tarehe ya mwisho inageuka kuwa kusubiri kwa jina lingine.

Kuna pia klaritromaisini, antibiotiki nyingine, iliyojaribiwa kwa dozi kubwa ya gramu 2 kwa siku, wiki mbili katika kila wiki tatu, kwa duru nne. Ilitolewa kwa watu ambao limfoma yao ya MALT, ya jicho au ya sehemu nyingine, ilikuwa imerudi baada ya tiba. Kati ya 23, ilisaidia 12. Inadhaniwa kwamba hapa dawa haiui bakteria tu bali inagusa kinga na seli za limfoma zenyewe. Ni njia ya kujadiliwa na daktari bingwa wa damu, si ya kuanza nayo.

Inamfaa mtu ambaye ugonjwa wake uko jichoni tu, uvimbe hautishii kuona, na yuko tayari kungoja miezi akijua kwamba huenda bado atahitaji mionzi. Haimfai anayejinunulia dawa dukani kabla ya kinyama kupimwa. Doa linalofanana na hili laweza kuwa kitu kingine kabisa, na miezi sita ya kubahatisha ni mingi.

Mionzi

Kasi. Uvimbe mara nyingi huanza kupungua ndani ya wiki chache, na matibabu kamili huchukua takriban wiki mbili hadi tatu.

Nguvu. Hakuna njia inayouondoa uvimbe palepale ulipo kwa uhakika zaidi. Dozi ya kawaida ni grei (kizio cha kupimia mionzi) 24 hadi 30, na zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi uvimbe hautarudi kwenye jicho lililotibiwa. Kisichozuiwa na mionzi ni ugonjwa kujitokeza kwingine, kwa mfano jicho la pili au sehemu nyingine ya mwili. Wagonjwa kadhaa huupata huo baadaye, ndiyo maana miadi haiishi hata jicho likiwa safi.

Madhara. Lenzi ya jicho haipendi mionzi. Mtoto wa jicho anaweza kutokea miaka kadhaa baadaye, ingawa huondolewa kwa upasuaji. Macho kukauka husumbua zaidi kwa kuwa hayana dawa ya mara moja, hasa kama tezi ya machozi ilikuwa ndani ya eneo lililopigwa. Retina kudhurika ni nadra kwa dozi hizi. Uvimbe ukiwa juu juu kwenye utando, lenzi huweza kukingwa, kwa hiyo uliza kama hilo linawezekana kwako.

Na hapa pana jambo ambalo limebadilisha mizani. Grei 4 tu, kwa vikao viwili, huweza kutosha. Katika utafiti wa hospitali ya MD Anderson huko Houston uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 50 wenye limfoma za polepole za kuzunguka jicho walianza na dozi hiyo ndogo, na waliobakiwa na ugonjwa wangeongezewa grei 20. Kwa 44 kati yao, grei 4 peke yake iliuondoa uvimbe wote. Baada ya miaka 2, karibu asilimia 89 walikuwa bado hawana ugonjwa jichoni. Kwa maoni yangu matokeo haya yanaipunguzia antibiotiki sehemu ya mvuto wake. Zamani ulikuwa unachagua kati ya vidonge vyepesi na mionzi mizito. Leo, mahali penye utaalamu huu, unachagua kati ya vitu viwili vyepesi, kimoja kikiwa na nguvu zaidi na kingine kisichogusa jicho kabisa.

Ikishindwa. Baada ya grei 4, nafasi ya kuongeza dozi ipo. Baada ya dozi kamili, kurudia kwenye jicho lile lile ni kugumu, ingawa dawa za mwili mzima hubaki.

Ufuatiliaji. Daktari wa macho kwa miaka, pamoja na uchunguzi wa mwili kwa ajili ya ugonjwa wa kwingineko.

Inamfaa mtu ambaye jicho lake linasukumwa, anaona viwili viwili, au mshipa wa kuonea unabanwa. Na pia yule anayetaka jambo liishe sasa.

Dawa ya kingamwili

Rituksimabu hupitishwa kwenye mshipa, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Hushika seli B popote zilipo mwilini, na hapo ndipo inapoipita mionzi.

Kasi ni ya wastani. Nguvu yake ikiwa peke yake kwenye jicho ni ya kuanza vizuri kisha kupungua, yaani uvimbe hunywea kwa wengi, lakini kurudi si jambo geni. Ikichanganywa na klorambusili, dawa ya kemikali ya saratani, hudumu zaidi: katika utafiti mkubwa wa limfoma za MALT za sehemu mbalimbali za mwili, mchanganyiko huo ulichelewesha ugonjwa kurudi kuliko dawa moja moja, ila haukuongeza idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka 5. Madhara yake ni homa na baridi wakati wa kupitishiwa dawa ya kwanza, kinga kushuka, na hatari ya kuamsha virusi vya homa ya ini B vilivyolala. Usikubali kuanza bila kipimo cha homa ya ini B. Ikishindwa, mionzi ipo, na tiba nyingine za damu zipo. Ufuatiliaji wake ni wa kliniki ya damu pamoja na ya macho.

Inamfaa zaidi mtu ambaye ugonjwa umeenea nje ya jicho, au uko macho yote mawili na sehemu nyingine za mwili, kuliko mwenye doa moja.

Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Uvimbe unabana mshipa wa kuonea au unapunguza nuru ya jicho: mionzi, na mapema. Antibiotiki haina kasi ya kukuokoa.

Doa dogo kwenye utando, huna dalili, wewe ni kijana na miaka mingi iko mbele yako: antibiotiki au kusubiri ni mahali pa heshima pa kuanzia, na grei 4 iulizwe. Kipimo cha Chlamydia psittaci kikiwepo, kifanywe kwenye kile kinyama cha kwanza, usikatwe mara ya pili kwa ajili yake tu.

Uvimbe unakusumbua kwa sura na kuwasha, lakini kuona ni kuzuri: hapa hakuna jibu moja. Muulize daktari wako swali hili: "Nikijaribu antibiotiki kwa miezi sita na isifanye kazi, nitakuwa nimepoteza nini?" Akijibu kwamba hakuna, una nafasi ya kujaribu. Akisita, msikilize kwa nini.

Vipimo vimeonyesha una homa ya ini C: jadili kutibu virusi hivyo kabla ya yote, kama jicho linaruhusu. Zipo limfoma za aina hii zinazopungua virusi vikiondoka.

Una mimba: doksisiklini na mionzi huwekwa kando. Ugonjwa huu kwa kawaida unaweza kungoja mtoto azaliwe, ukiangaliwa kwa karibu.

Umeshatumia antibiotiki na miezi mitatu imepita: uvimbe ukibaki vilevile, dawa haijashindwa bado, uangaliwe tena. Uvimbe ukiwa umekua, dawa imeshindwa, na ni wakati wa kuhamia mionzi. Uvimbe uliokua kwa ghafla ukatwe tena na kupimwa, kwa kuwa limfoma ya polepole mara chache hugeuka kuwa kali.

Unaishi mbali, na unajua moyoni kwamba miadi ya kila baada ya miezi michache itakushinda: hapo ningeegemea mionzi, hata kwa doa ambalo kwa mtu mwingine ningesema lingoje. Antibiotiki na kusubiri vyote viwili vinamtegemea mtu anayerudi kliniki.